Mjomba, kila wazo la tovuti ya muziki tunalolipata limeshafanywa

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma teknolojia ya habari. Muhula huu tumepewa mradi wa kikundi: tujenge tovuti, na mada iliyotuangukia sisi ni muziki. Mhadhiri hakutoa maelekezo mengi. Alisema tu lazima iwe na hifadhidata, iwe na sehemu ya kuingia kwa neno la siri, ifunguke vizuri kwenye simu, na siku ya kuwasilisha tueleze inamsaidia nani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho chenye alama nyingi kuliko vyote. Andiko la ukurasa mmoja linatakiwa Ijumaa.

Tuko wanne. Tumekaa vikao mpaka tumechokana na bado hatujatoka na kitu. Mmoja anataka tovuti ya kusikiliza na kupakua nyimbo, kama zile kubwa tunazozijua wote. Nikimwuliza nyimbo zenyewe tutazitoa wapi, ananijibu, "Tutazipakia tu, ni mradi wa chuo, nani atatufuatilia?" Wa pili anataka tovuti ya mashairi ya nyimbo, kwa sababu anasema ni maandishi tu, hayana shida. Wa tatu anataka habari za wasanii: nani katoa albamu, nani kagombana na nani. Mimi sina langu. Kila ninalolifikiria nikilitafuta mtandaoni nalikuta limeshafanywa, tena na watu wenye pesa na wataalamu, basi nanyamaza.

Wenzangu wanatarajia niwe na la kusema kwa kuwa mimi ndiye pekee ninayeimba. Niko kwenye kwaya, naimba teno. Lakini uimbaji haunisaidii kitu hapa. Mwalimu wetu bado anatufundisha kwa kutuma voisi kwenye kundi la WhatsApp. Soprano, alto, teno, besi, zote zimechanganyika humo na salamu na picha, na ukikosa mazoezi unaitafuta voisi yako mpaka kidole kinauma. Samahani kwa kukuchosha na hayo. Ninachotaka kusema ni kwamba sisi wenyewe tuko nyuma, sasa wazo la kisasa nitalitoa wapi?

Naomba unisaidie. Wazo zuri la tovuti ya muziki mtu analipataje? Ni lazima liwe jipya kabisa? Na hilo la kupakia nyimbo za watu kwa kuwa ni mradi wa chuo tu, lina ukweli wowote?

Wako,
Teno Asiye na Wazo

*

Marahaba, mpwa wangu.

Wazo unalo. Umeliandika mwenyewe, halafu ukaniomba radhi kwa kuliandika. Voisi ya teno inayozama katikati ya salamu na picha ndiyo tovuti yenu. Nitalifikia. Kwanza nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu mkilikosea hilo, mengine yote mtakayojenga yatasimama juu ya mali ya watu.

Hapana, "ni mradi wa chuo tu" si kinga. Wimbo mmoja uliorekodiwa una haki za aina mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani melodi na mashairi, na kuna haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyopigwa studio. Mara nyingi wenye haki hizo ni watu tofauti. Mkipakia mp3 ya msanii bila ruhusa mnagusa zote mbili kwa mpigo. Nchi nyingi zina unafuu fulani kwa kazi za kufundishia na kujifunzia, lakini unafuu huo una mipaka yake, na ukurasa ambao mtu yeyote duniani anaweza kuufungua ni vigumu kuuita darasa. Mwambie na huyo wa mashairi: maandishi hayali nafasi kwenye seva, ila mashairi ni sehemu ya utunzi na yanalindwa vilevile.

Msidhani nawatisha bure. Mwaka 2006 mwanafunzi wa utunzi wa muziki huko Marekani, Edward Guo, alianzisha IMSLP, maktaba ya mtandaoni ya nota za muziki ambao ulinzi wake umekwisha. Nia safi kabisa. Oktoba 2007 akalazimika kuifunga baada ya kupokea barua ya mchapishaji mmoja wa Vienna. Ugomvi ulikuwa kwenye hesabu ya miaka: seva zilikuwa Canada, ambako wakati huo ulinzi ulikwisha miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, wakati Ulaya ni miaka 70. Nota iliyokuwa huru upande mmoja wa bahari ilikuwa na mwenyewe upande wa pili. Maktaba ilirudi hewani mwaka 2008 na ipo mpaka leo. Kama mtu aliyekusudia kuweka kazi huru tu yalimkuta hayo, nyinyi mnaotaka kupakia nyimbo za mwezi huu mkae mkijua.

Hata tukiiweka sheria kando, wazo la mwenzenu wa kwanza lina kasoro nyingine. Tovuti ya kusikilizia nyimbo ni ghala, na ghala linapimwa kwa kilichomo. Wale wakubwa wana mikataba na kampuni za kurekodi, nyinyi mna nyimbo za kwenye simu zenu. Mtafanya kazi muhula mzima mpate kitu ambacho mtu anakifungua, anatafuta wimbo anaoupenda, haukuti, anafunga. Siku ya kuwasilisha mkiulizwa "inamsaidia nani", mtajibu "wapenda muziki wote", na hapo ndipo alama zitakapowaponyoka.

Habari za wasanii, tuiache. Tovuti ya habari hudai kulishwa kila siku, na wiki ya mitihani haina mlishaji.

Sasa hili la upya. Acha kulihangaikia. Kuna kijana aliitwa Richard Jones, alikuwa anasoma sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Mradi wake wa chuo uliitwa Audioscrobbler. Ulikuwa unafanya jambo moja: unaandika jina la kila wimbo unaoucheza kwenye kompyuta yako, kisha unalinganisha orodha yako na za wengine, ili ujue nani ana masikio kama yako. Kuorodhesha nyimbo lilikuwa jambo la zamani, na kompyuta kuandika kumbukumbu ndiyo kazi yake tangu izaliwe. Yeye alichagua tu kuorodhesha kitu ambacho watu walikuwa wanakifanya kila siku bila kuacha alama. Mwaka 2005 mradi ukaunganishwa na Last.fm, redio ya mtandaoni, na mwaka 2007 kampuni ya CBS ikainunua Last.fm kwa pauni milioni 140. (Hiyo ya milioni usiwasomee wenzako, mtaanza kugawana hisa kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza.)

Angalia jambo moja katika hadithi hiyo. Audioscrobbler haikuhitaji kumiliki faili la wimbo hata moja. Ilishika majina tu. Discogs nayo ilipoanza mwaka 2000 ilikuwa orodha ya rekodi za muziki wa kielektroniki peke yake, aina nyingine zikaja baadaye. Kuna na MusicBrainz, hifadhidata ya wasanii, albamu na nyimbo ambayo sehemu yake kubwa imetolewa bure kwa matumizi yoyote. Tovuti yenu inaweza kuiuliza maswali moja kwa moja, mradi isizidishe ombi moja kwa sekunde. Vitu vinavyohusu muziki ni vingi kuliko nyimbo zenyewe, na vingi kati ya hivyo havina mwenyewe wa kuwashitaki.

Basi wazo linapatikanaje? Mkikaa wanne mezani mkijiuliza "tutengeneze tovuti gani", akili zitawapeleka kwenye tovuti mnazozijua, kwa sababu ndizo zilizojaa kichwani. Badilisheni swali. Nani anafanya kitu na muziki, na anakwama wapi? Anayejifunza gitaa anakwama kulipatanisha. Mpiga ngoma anakwama kushika mwendo akiwa peke yake. Mtu wa bendi ndogo anakwama kukumbuka waliufanyia mazoezi wimbo upi katika ufunguo upi. Kila mmoja ni tovuti ndogo. Nendeni mkakae na mtu mmoja wa namna hiyo akiwa kazini, na mwangalieni mikono. Msimwulize "ungependa tovuti ya namna gani", maana atawaelezea anayoitumia tayari. Subirini anapoguna, anapoirudisha rekodi nyuma mara ya tano, anapouliza jirani "tuko wapi?" Hapo andikeni.

Wewe hata kwenda huhitaji. Unaguna kila wiki.

Hebu tuijenge. Mwimbaji aliyekosa mazoezi anafungua kiungo. Anaona jina la wimbo na vitufe vinne: soprano, alto, teno, besi. Anabonyeza teno, anasikia teno. Akitaka kujaribu kusimama na wenzake, anabonyeza "zote" na kuipunguza teno, ili yeye ndiye awe teno. Anaweza kuweka alama mwanzo na mwisho wa mstari unaomshinda, na mstari huo ukajirudia mpaka aumudu. Tarehe ya mazoezi yajayo iko juu. Basi. Ningekuwa mimi nisingeongeza kitu.

Sharti la neno la siri litatimia kwa mwalimu wa kwaya. Yeye ndiye anayepakia na kufuta, yeye ndiye aingie. Waimbaji wasiombwe kujisajili, na hapo mnisikilize vizuri, maana najua mtashawishika. Mnaweza kuwa na tovuti safi kabisa na bado nusu ya kwaya ikaishia kwenye ukurasa wa "umesahau neno la siri?" Mhadhiri akiuliza kwa nini mwimbaji haingii, jibu lenu ni kwamba mlimfikiria mwimbaji. Hilo jibu lina alama.

Sasa mitego, kwa sababu wazo zuri linaharibikia kwenye utekelezaji, na huu una mitego yake.

Wa kwanza: voisi mlizonazo hazitaimba pamoja. Mwalimu alipoimba soprano alikuwa na mwendo wake, alipoimba besi siku nyingine akawa na mwingine, pengine hata sauti ya kuanzia si ileile. Ukizicheza kwa pamoja utapata vurugu. Kwa hiyo toleo la kwanza liwe la sauti mojamoja tu, na hata hilo peke yake ni bora kuliko kupekua kundi la WhatsApp. Kwa toleo la pili, rekodini upya wimbo mmoja au miwili: kila mwimbaji avae spika za masikioni, asikie mdundo uleule wa kuhesabia na noti ileile ya kuanzia, aimbe sehemu yake. Wote waache hesabu ya "moja, mbili, tatu, nne" isikike mwanzoni mwa rekodi, ili mpate pa kukatia sawasawa. Na kama mtatumia voisi za zamani, zigeuzeni kuwa mp3 kwanza, kwa kuwa za WhatsApp huwa za mfumo wa Opus na vivinjari vingine vya zamani havizisomi.

Wa pili ni mgumu kidogo, na ndio utakaowapa cha kueleza siku ya kuwasilisha. Mkiweka vicheza sauti vinne vya kawaida vya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, kwenye ukurasa na kuviamuru vianze pamoja, havitaanza pamoja kweli. Kimoja kitachelewa kiasi cha sekunde kidogo sana, na sikio la mwanakwaya litakinasa. Dawa ni Web Audio API, zana ya kupangia sauti iliyomo ndani ya vivinjari vya leo: rekodi zote nne zinafunguliwa kwenye kumbukumbu ya simu na kupangiwa kuanza kwa saa moja. Lakini dawa ina gharama. Mp3 ya sauti ya mtu mmoja, ya njia moja (mono), kwa kilobiti 64 kwa sekunde, inachukua karibu nusu megabaiti kwa dakika. Wimbo wa dakika 3 wenye sauti nne ni kama megabaiti 6 za bando, si mbaya. Ikishafunguliwa kwenye kumbukumbu habari ni nyingine: sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kila sekunde, kila moja baiti 4, inakuwa zaidi ya megabaiti 10 kwa dakika. Zidisha kwa dakika 3 na sauti 4, unapita megabaiti 120. Simu dhaifu itagoma. Ndiyo maana nasema wimbo mmoja kwa ukurasa mmoja, na jaribuni kwenye simu mbovu kuliko zote mtakayoipata kikundini.

Mtataka pia kitufe cha kupunguza mwendo, kila mwanakwaya atakiomba. Kicheza sauti cha kawaida cha HTML kinaweza kupunguza mwendo bila kushusha noti. Web Audio ukiipunguzia mwendo kwa njia yake rahisi, noti nayo inashuka, na teno wako anageuka besi. Kwa hiyo sauti moja ikichezwa peke yake, tumieni kicheza cha kawaida na mpe mtu mwendo wa polepole. Zikichezwa zote nne, mwendo ubaki mmoja. Andikeni uamuzi huo na sababu yake kwenye ripoti. Kipengele mlichokiacha kwa hoja kina thamani kuliko kilichowekwa kikafanya kazi nusu.

Mtego mwingine ni mdogo ila unaaibisha. Vivinjari vinazuia sauti isianze mpaka mtumiaji aguse kitu. Mkipanga wimbo ujipige wenyewe ukurasa unapofunguka, siku ya kuwasilisha mtasimama mbele ya watu kimya. Sauti ianze kwa kubonyeza.

Na haki? Rekodi mtazifanya wenyewe, kwa hiyo hapo mnahitaji ridhaa ya waliorekodiwa. Upande wa utunzi, chagueni wimbo aliotunga mwalimu wenu au mwanakwaya aliye hai, mwombeni ruhusa, aiandike hata kwa mistari miwili na tarehe. Mkichagua wa kale, hakikisheni mtunzi amekufa zaidi ya miaka 70 iliyopita, kisha mwangalieni na aliyeupanga kwa sauti nne, na aliyetafsiri maneno. Watu wengi wanasahau wawili hao. Melodi inaweza kuwa na miaka mia tatu na tafsiri yake ikawa na mwenyewe anayetembea.

Kuhusu wenzako, usiende kikaoni ukiwaambia mawazo yao ni mabaya. Mtaka kusikiliza nyimbo mpe kicheza sauti, ndicho moyo wa kazi yote na ndiye mwenye hamu nacho. Wa mashairi apewe maneno yanayotembea kwenye kioo sambamba na sauti, mstari unaoimbwa ukibadilika rangi; hiyo ni kazi ya kukaa na saa na kuandika kila mstari unaanza sekunde ya ngapi, itamtosha. Yule wa habari ana kipaji ambacho nyinyi watatu pengine hamna, cha kutaka kujua mambo ya watu. Mtumeni kwenye mazoezi akakae na waimbaji, aandike wanakwama wapi kabla ya tovuti, kisha arudi baadaye aone wanaitumiaje. Ripoti yake ndiyo itakayobeba kile kipengele chenye alama nyingi.

Andiko la Ijumaa lianze na mtu. Kitu kama hiki: "Mwimbaji wa kwaya aliyekosa mazoezi hana njia rahisi ya kuipata na kuirudiarudia sehemu yake ya sauti, tovuti hii inampa sehemu hiyo kwa kiungo kimoja, kwenye simu, bila kujisajili." Baada ya hapo semeni mtahifadhi nini: wimbo, sehemu ya sauti, rekodi, ruhusa ya mtunzi, tarehe ya mazoezi. Kisha semeni waziwazi haitafanya nini, yaani haitapakua nyimbo za wasanii, haitakuwa na maoni, haitafundisha nota. Ukurasa mmoja utajaa bila kujilazimisha.

Ila kabla hujaandika neno, mpigie mwalimu wako wa kwaya leo. Mwambie mnachotaka kufanya na umwombe wimbo mmoja. Akikubali, mnaanza. Akikataa, usimsukume, nyimbo ni zake. Chukueni yule anayejifunza gitaa au yule mtu wa bendi ndogo, na andiko lenu litabadilika sentensi ya kwanza na orodha ya vya kuhifadhi.

Mjomba wako